Mwenye meza asiwe mwamuzi: malalamiko yangu kuhusu mchezo wetu wa Waterloo

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na nawaomba wenye uzoefu wanisome hadi mwisho kabla ya kuniambia kwamba huu ni mchezo tu.

Sisi ni marafiki tunaoishi hapa Uingereza, na hukutana nyumbani kwa mmoja wetu kucheza vita vya enzi za Napoleon kwa visanamu vya askari vyenye kimo cha milimita 28, juu ya meza iliyopangwa vilima, mashamba na nyumba. Kila upande husogeza vikosi vyake kwa zamu, mwendo hupimwa kwa futi kamba, na matokeo ya mizinga, bunduki na mashambulizi huamuliwa kwa kurusha dadu na kusoma majedwali ya kanuni. Mchezo mmoja humaliza siku nzima, lakini maandalizi yake huchukua miezi, kwa sababu kila kisanamu hupakwa rangi kwa mkono, kuanzia vifungo vya koti hadi manyoya ya kofia. Anayeuharibu mchezo wa namna hiyo anaharibu kazi ya watu.

Safari hii tulicheza Waterloo, vita vya tarehe 18 Juni 1815 vilivyomwangusha Napoleon. Mwenyeji wetu aliongoza Wafaransa, mimi nikashika jeshi la Wellington, jemadari wa Waingereza, juu ya mgongo wa kilima, na mwenzetu wa tatu akapewa Waprusi, yaani Wajerumani wa Prussia waliokuja kumsaidia Wellington. Kabla dadu la kwanza halijarushwa tulikubaliana kwamba kanuni zitafuatwa kama zilivyoandikwa, na kwamba askari wa jemadari Bülow, yaani maelfu ya Waprusi waliotembea kutoka mji wa Wavre, wataingia mezani katika zamu inayolingana na saa kumi na nusu alasiri, wakati ule ule walipoingia vitani kweli.

Mwenyeji akafanya kile alichokifanya Ney, jemadari wa Napoleon, siku ile: alituma wapanda farasi wake wote kupanda kilima bila kuwasindikiza kwa askari wa miguu wala mizinga ya kutosha. Nikazipanga batalioni zangu katika miraba. Kwa wasioujua mpango huu, askari hujipanga pande nne wakitazama nje, safu ya mbele ikipiga goti huku singe zikielekezwa juu, na farasi, hata apigwe mijeledi namna gani, hakubali kujitupa kwenye vyuma hivyo. Mraba una gharama yake kubwa: unasogea polepole, kila upande unabaki na bunduki chache, na umati uliosongamana hivyo ni shabaha nzuri mno ya mizinga. Ndiyo sababu jemadari mwenye busara huleta farasi ili kumlazimisha adui ajipange miraba, kisha huleta mizinga ili kuivunja. Utamu wote wa kucheza enzi hii uko hapo, katika kuamua ujipange vipi huku hujui kitakachokufikia kwanza. Siku mbili kabla ya Waterloo, pale Quatre Bras, kikosi cha 69 cha Waingereza kilikutwa na farasi wa Ufaransa kabla hakijakamilisha mraba, kikasambaratishwa na kupoteza bendera ya mfalme. Mimi niliwahi. Miraba yangu ilikuwa imekamilika, na wote mezani waliiona.

Wapanda farasi walipogonga mara ya pili na kushindwa, mwenyeji alitangaza kwamba kuanzia zamu hiyo kila kikosi cha farasi wazito kitaongezewa alama mbili dhidi ya mraba. Nilipopinga, alinitajia García Hernández huko Hispania, ambako tarehe 23 Julai 1812 wapanda farasi wa Kijerumani waliokuwa katika jeshi la Uingereza walivunja miraba ya Wafaransa. Ni kweli, jambo hilo lilitokea. Lakini huelezwa kwamba farasi aliyepigwa risasi kwa karibu sana aliangukia safu za askari na kufungua pengo ambalo wenzake walipitia. Hiyo ni bahati adimu, na kanuni zetu tayari zinaipa nafasi yake: dadu likitoka vibaya kabisa, mraba hutikisika. Waterloo kwenyewe Wafaransa walipanda kilima tena na tena, na miraba ya Wellington ikasimama. Huwezi kuchukua tukio la pekee la Hispania ukaligeuza kuwa sheria katikati ya mchezo, eti kwa sababu farasi wako wanakufa.

Kisha akawagusa Waprusi. Zamu yao ilipofika alisema njia ya Wavre ilikuwa na matope mazito, kwa hiyo wasubiri zamu mbili zaidi. Matope yalikuwapo kweli, kwa kuwa mvua ilinyesha usiku kucha, lakini saa kumi na nusu ndiyo saa waliyofika wakiwa wameshayapita matope hayo! Kuwachelewesha tena ni kuwatoza adhabu mara mbili. Na faida yake haikufichika: Waprusi ndio waliomlazimisha Napoleon kupeleka askari wa jemadari wake Lobau upande wake wa kulia, halafu Walinzi Vijana, sehemu ya kikosi chake teule, katika kijiji cha Plancenoit. Bila wao, vikosi hivyo vyote viligeuziwa kilima changu. Mwenzetu aliyeshika Waprusi aliketi karibu mchana kutwa akitazama visanamu vyake ndani ya sanduku.

Nilipodai tusimamishe mchezo tujadiliane, nilijibiwa kwamba meza ni yake na nyumba ni yake. Utotoni tuliwajua wenye mpira waliokataa bao wakatishia kuondoka nao. Sikutegemea kuwakuta tena miongoni mwa watu wazima.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa ya tatizo hili ni ya zamani kama mchezo wenyewe. Luteni Reisswitz wa Prussia, alipouboresha mchezo wa vita wa baba yake na kuuwasilisha Berlin mwaka 1824, aliweka mwamuzi asiyeongoza jeshi lolote. Wachezaji walimwandikia amri zao, naye ndiye aliyeamua kila mmoja anaona nini na amri inafika lini. Mnadhimu mkuu aliyeupokea na kuusambaza katika jeshi la Prussia alikuwa Müffling, mtu yule yule aliyekuwa kando ya Wellington siku ya Waterloo kama afisa kiungo wa Waprusi. Mtu aliyeyashuhudia mapambano yale kwa macho yake aliukubali mchezo wenye mwamuzi, lakini sisi tunaambiwa kwamba kumweka mwamuzi ni kukosa imani na rafiki.

Nimemwandikia mwenyeji na wenzangu wote kwamba sitaleta tena vikosi vyangu kwenye meza hiyo hadi yatimizwe mambo haya: awepo mtu mmoja asiyeshika jeshi, mabadiliko yote ya kanuni yaandikwe kabla ya zamu ya kwanza, na ubishi wowote unaozuka katikati uamuliwe na huyo mtu kwa kurusha dadu, kisha ujadiliwe baada ya mchezo. Wawili wameniunga mkono, mwenyeji hajajibu.

Shida iliyobaki ni kwamba tuko wachache, na hakuna anayetaka kukaa siku nzima bila jeshi. Kwa wale mnaocheza na kundi dogo kama letu, mwamuzi mnampata wapi? Je, mnapokezana kila mchezo, au mnamwita mtu wa nje?