Naomba ushauri: mama anakunywa cipro na kisigino kimevimba

Jambo sana wandugu, naomba munisaidie mawazo. Mama yangu ana miaka 63, tuko huku Kadutu, Bukavu, aliumwa homa wiki moja nikamupeleka kwa docta, wakapima Widal tu (kile kipimo cha damu cha tifoide), wakasema tifoide, docta akaandika ordonansi ya dawa tano bila hata kuuliza kama kuko dawa ingine anakunywaka nyumbani, na mama ni mutu wa tansio (presha). Ndani kuko ciprofloxacin (cipro, antibiotiki) ya mg 500, asubuhi na mangaribi, siku kumi. Homa ilishuka kweli. Lakini siku ya ine ule mushipa wa nyuma ya kisigino (tendon) ukavimba, sasa anashuka ngazi akishikilia ukuta. Nikasoma karatasi ya ndani ya boksi, inasema mushipa ukiuma acha dawa urudi kwa docta, zaidi kwa wazee. Nilirudi, akaniambia "maliza tu boksi", hata muguu hakuangalia. Iliniuma sana.

Leo asubuhi sikumupa. Wenye munajua dawa, nimubadilishie na gani? Na kwa docta mwengine niombe kipimo gani chenye kuhakikisha kama ni tifoide kweli?