Naomba ushauri: Falstaff ya Elgar kwa wasiomjua Falstaff

Habari za leo wadau. Kikundi chetu cha kusikiliza muziki kimenipa zamu, nami nimechagua Falstaff ya mtunzi Mwingereza Edward Elgar, kazi ya okestra ya mwaka 1913. Ni dakika kama 35 mfululizo, hakuna anayeimba, na wenzangu wengi hawajasoma Henry IV, tamthilia ya Shakespeare anamotokea huyo Falstaff, mzee mnene mlevi na rafiki wa mwanamfalme Hal.

Nilijaribu kuwasimulia kisa kizima kwanza, wakaanza kupiga miayo. Nikawawekea kipande cha kilabuni, pale basuni (ala ya kupuliza yenye sauti nzito) inapopepesuka kama mlevi anayetafuta mlango, wakacheka sana. Ila fidla moja ilipoingia na ile ndoto ya Falstaff ya utotoni mwake, wakadhani nimebadilisha wimbo! Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mwisho: Hal akishavikwa taji anamkana rafiki yake hadharani, na asiyejua kisa atasikia shangwe za tarumbeta tu.

Je, nisimamishe muziki kila sehemu nieleze, au niwagawie karatasi yenye mistari michache wafuate wenyewe? Na kama ni kusoma onyesho moja tu kabla, liwe la kilabuni au la kukanwa? Mimi naegemea la kukanwa, ila naogopa litaua kicheko.

Natanguliza shukrani.