Kipandauso sugu pamoja na shoti za kisogoni: dada yangu aanzie wapi?

Sauda_K: Habari za humu, wakuu. Naomba ushauri kwa ajili ya dada yangu, miaka 34. Kichwa kinamuuma siku kama 20 kwa mwezi. Mara kinagonga upande mmoja, anatapika, hataki mwanga wala kelele. Mara anapigwa na shoti kutoka kisogoni hadi utosini, sekunde chache tu lakini zinajirudia, na kuchana nywele kunamuuma. Karibu kila siku anameza parasetamoli yenye kafeini na haisaidii tena. Ana pumu. Miadi na daktari wa neva ni mwezi ujao. Kwa sasa afanye nini?

Neva_Tulivu: Pole kwa dada. Hapo naona maumivu ya aina mbili, huenda tatu, na ukiyachanganya hakuna dawa itakayofanya kazi.

Kichwa kinachogonga saa 4 hadi siku 3, pamoja na kutapika, ni kipandauso. Kinaitwa sugu kikizidi miezi 3, kichwa kikiuma siku 15 au zaidi kila mwezi na walau 8 kati ya hizo zikiwa na dalili za kipandauso. Shoti zinaashiria neva ya kisogo: bonyeza taratibu pale shingo inapokutana na fuvu, kando kidogo ya katikati. Akishtuka na maumivu yakapanda, mwambie daktari hivyo hivyo.

Aina ya tatu ndiyo inayosahaulika: kichwa kinachotokana na dawa zenyewe. Parasetamoli tupu huleta shida ikitumika siku 15 kwa mwezi. Ikichanganywa na kafeini au kodeini, kikomo kinashuka hadi siku 10, na hali kadhalika dawa za kundi la triptani, yaani dawa maalumu za kukata kipandauso. Zinahesabiwa siku, si vidonge. Dada yako ameshavuka mbali.

BiMwema: Naongeza kuhusu kuziacha hizo dawa anazomeza karibu kila siku. Parasetamoli na kafeini huweza kuachwa mara moja, ila kama kuna kodeini au tramadoli zimo, hizo zipunguzwe polepole chini ya daktari. Kichwa kitazidi kwanza, kwa kawaida kati ya siku 2 na 10, pamoja na kichefuchefu na usingizi mbovu. Wengi hushindwa hapa: wanaona kinazidi, wanadhani dawa ilikuwa inasaidia, wanarudia. Achague wiki isiyo na shughuli nyingi, na watu wa nyumbani waelezwe mapema.

Baada ya hapo, dawa ya kutuliza isizidi siku 2 kwa wiki, na imezwe maumivu yakiwa bado madogo. Kipandauso hupunguza kasi ya tumbo, kwa hiyo kidonge kinachochelewa hukaa tu humo. Ndiyo maana madaktari huongeza metoklopramidi 10 mg, dawa ya kuzuia kutapika na kusukuma tumbo. Ibuprofeni na aspirini asijaribu kabla ya kuuliza, kwani baadhi ya wenye pumu hubanwa kifua nazo. Sumatriptani 50 mg, mojawapo ya zile triptani, ni ya kuulizia, mradi hana ugonjwa wa moyo, kiharusi wala presha isiyodhibitiwa. Dozi ya pili ni baada ya saa 2, tena iwapo ya kwanza ilisaidia kisha kichwa kikarudi.

Mkemia_22: Kwenye dawa za kinga, zile za kila siku za kuzuia kichwa kisianze, propranololi isahaulike, inabana njia za hewa za mwenye pumu. Ningeuliza kuhusu amitriptilini, maana hutumika kwa kipandauso na kwa maumivu ya neva pia. Huanzia 10 mg usiku, saa 1 au 2 kabla ya kulala, ikipanda kwa 10 mg kila wiki 1 au 2. Kinywa kukauka na uzito wa asubuhi hutangulia nafuu, ndipo watu wanapoiacha. Ihukumiwe baada ya wiki 8 hadi 12 kwenye dozi kamili. Topiramati ni nzuri pia, lakini huweza kudhuru mimba, kwa hiyo uzazi wa mpango ujadiliwe kwanza. Na kama huona vimulimuli kabla ya kichwa kuanza, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni vinaongeza hatari ya kiharusi.

Sauda_K: Asanteni sana. Nimesikia kuna sindano ya kisogoni. Inatibu kabisa?

Neva_Tulivu: Ni ganzi, mara nyingi lidokeini, inayochomwa karibu na neva. Nafuu ni ya saa chache au wiki kadhaa, na hurudiwa. Ngozi ikifa ganzi huku shoti zikiendelea, chanzo kiko kwingine. Shoti zikitulia, bado si uthibitisho kamili kwamba ni neva ya kisogo, maana sindano hiyo hutuliza hata kipandauso.

BiMwema: Miadi isisubiriwe kama kichwa kitalipuka ghafla na kufika kilele ndani ya dakika moja, au kikija na homa na shingo ngumu, degedege, mkono kulegea, kuongea kwa shida, au kuona vibaya kusikoondoka. Hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.