Naomba ushauri: mdogo wangu kalipa laki nne kwa tangazo la "kuzibua mirija"

Habari zenu wakubwa. Niko Uyole, Mbeya. Mdogo wangu wa kike ana miaka sita kwenye ndoa, hajajaliwa mtoto, na maneno ya ukweni yamemchosha. Mwezi uliopita aliona bango pale Kabwe: "Tunazibua mirija bila upasuaji, mimba ndani ya siku 90." Akaenda peke yake. Akashikishwa kifimbo cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, dakika tatu tu, akaambiwa mirija yote imeziba na ana uvimbe. Akalipa laki nne, akapewa vidonge visivyo na jina wala tarehe ya kuisha.

Nilipojua nikampeleka hospitali. Akapigwa eksirei ile ya kuwekewa dawa kwenye kizazi. Mirija yote miwili iko wazi, uvimbe hakuna. Na shemeji hajawahi hata kupima mbegu! Hilo linaniuma kuliko hiyo hela.

Nimesoma kuwa Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na tiba asili ina sheria yake ya 2002 na Baraza lake. Nianzie wapi: Baraza, FCC (Tume ya Ushindani), TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kwa ajili ya vidonge, au mratibu wa tiba asili wa halmashauri? Risiti ninayo, picha ya bango ninayo. Mdogo wangu anaogopa jina lake kujulikana mtaani. Je, naweza kulalamika mimi kwa niaba yake? Aliyewahi kupita njia hii anisaidie, maana bango bado liko pale na kinamama wanaingia kila siku.