Mjadala: Je, turuhusu kemikali zipenyezwe ardhini ili kuondoa kemikali?

Mleta mada

Wadau, nawaletea hoja ambayo huzuka kila panapogundulika kwamba udongo au maji ya mahali fulani yana sumu. Anakuja mwanakemia wa mazingira na kusema: msichimbe, msihamishe kitu, niruhusuni nipenyeze kemikali yangu humo humo chini, nayo itaivunja sumu pale ilipo. Wenyeji wanashtuka. Tumeshalishwa sumu moja, wanasema, sasa tuongezewe nyingine? Wakubwa wanasitasita, na mwisho wa yote malori huitwa yaje kuuzoa udongo.

Mimi nasimama upande wa kumruhusu, ila kwa sharti nitakalolitaja huko chini. Bila sharti hilo niko na wenyeji.

Tuanze na malori. Mwaka 1978 mafuta yenye PCB, kemikali sugu ya viwandani yenye klorini, yalimwagwa kwa siri kandokando ya barabara za jimbo la North Carolina, Marekani, kwa mamia ya kilomita. Mwaka 1982 udongo ule ulizolewa ukapelekwa kuzikwa Warren, wilaya ya watu maskini ambao wengi wao walikuwa Weusi. Watu walilala barabarani kuyazuia malori, mamia wakakamatwa, na udongo ukazikwa vilevile. Miongo miwili baadaye ukafukuliwa, ukapashwa moto mkali na kutiwa kemikali ya kuivunja PCB. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo pekee iliyopunguza sumu. Yote yaliyotangulia yaliihamisha tu kutoka kwa watu fulani kwenda kwa wengine, na waliopelekewa hawakuwa wamechuma hata senti kutokana nayo. Jambo hili linanikera hadi leo.

Njia ya pili iliyozoeleka ni kuvuta maji ya ardhini kwa pampu na kuyasafishia juu. Inatuliza watu kwa sababu mitambo inaonekana ikifanya kazi. Lakini mwaka 1994 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia maeneo 77 yaliyokuwa yakisafishwa kwa pampu, na 69 kati ya hayo yalikuwa bado hayajafikia kiwango kilicholengwa. Kiini cha tatizo kiko chini kabisa. Chukueni trikloroethilini, kiyeyushi kilichotumika miaka mingi viwandani kuondolea grisi kwenye vyuma. Ni kizito kuliko maji. Kikimwagika kinazama, kinapita katikati ya maji, kinatuama juu ya tabaka gumu na kujipenyeza kwenye udongo wa mfinyanzi. Pampu huyavuta upesi maji yaliyo kwenye mchanga, lakini mfinyanzi huachia sumu yake kidogo kidogo kwa miongo. Zima pampu, na baada ya muda kipimo kinapanda tena.

Hapo ndipo kazi ya wanakemia inaponivutia. Katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kundi la Robert Gillham lilibaini kwamba viyeyushi vya aina hii vinapungua vikigusana na chuma cha kawaida. Chuma kinapopata kutu hutoa elektroni, na elektroni hizo huing'oa klorini kutoka kwenye molekuli ya sumu. Mwaka 1991 walilijaribu jambo hilo ardhini, huko Borden, Ontario. Mwaka 1996 ukuta wa chembe za chuma ulifukiwa Elizabeth City, North Carolina, kwenye kituo cha walinzi wa pwani: urefu mita 46, kina mita 7.3, unene sentimita 60. Maji yenyewe hupita ukutani kwa mwendo wake wa asili, bila pampu. Ukuta huohuo ulikusudiwa kuivunja trikloroethilini na pia kuigeuza kromiamu-6, inayosababisha saratani na kutembea na maji, iwe kromiamu-3, isiyo na sumu kali na inayoganda ikabaki pale.

Sasa sharti langu. Sumu ikipotea kwenye kipimo, anayesafisha hajamaliza kazi mpaka aonyeshe imegeuka kuwa nini.

Silisemi hili kwa ushabiki. Trikloroethilini ikivunjwa na bakteria wa ardhini hupoteza klorini moja moja. Njiani huwa vinili kloridi, ambayo ni mbaya kuliko ile ya mwanzo: inajulikana wazi kwamba inasababisha saratani kwa binadamu. Sheria ya Marekani huruhusu mikrogramu 5 za trikloroethilini katika lita moja ya maji ya kunywa, lakini mikrogramu 2 tu za vinili kloridi. Kwa hiyo mtu anaweza kuleta ripoti ya kweli kabisa kwamba trikloroethilini imeshuka karibu na sifuri, huku maji yakiwa hatari zaidi ya awali. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walieleza bakteria, waliyemweka kwenye jenasi ya Dehalococcoides, anayeifikisha safari hiyo mwisho, hadi etheni, gesi isiyo na madhara hayo. Akiwepo ardhini kwa wingi, vizuri. Asipokuwepo, mchakato unaweza kukwama katikati, palipo pabaya.

Kwa hiyo kibali kitolewe. Lakini orodha ya kila zao, yaani kila kitu ambacho sumu au ardhi inaweza kutoa kutokana na kemikali hiyo, iandikwe kabla ya tone la kwanza kuingia ardhini, kila zao lipimwe upande maji yanakoelekea, maabara inayopima isilipwe na anayepenyeza, na matokeo wapewe wanaokunywa maji hayo. Karibuni.

Mchangiaji, mhandisi wa visima

Mleta mada, heshima yako, ila umechagua mfano mzuri kuliko yote ukaufanya uwakilishe kundi zima. Ukuta wa chuma nitakuachia. Hoja yako lakini ni kupenyeza, na kupenyeza ni habari nyingine.

Kuna chembechembe za chuma ndogo sana, chini ya nanomita 100, zinazosukumwa ardhini kupitia visima. Zinagandamana, mara nyingi haziendi mbali zaidi ya mita chache, na huwezi kuzirudisha. Mwaka 2004 Royal Society, akademia ya sayansi ya Uingereza, pamoja na akademia ya wahandisi ya huko walipendekeza chembechembe huru za namna hiyo zisitumike kusafishia mazingira mpaka utafiti wa kutosha ufanyike. Hao si watu wa kuogopa sayansi.

Halafu kuna wanaopenyeza molasi au mafuta ya mimea ili kuwalisha bakteria. Bakteria wakishiba humaliza oksijeni yote, na maji yasiyo na oksijeni huyeyusha chuma na manganizi iliyokuwa imetulia kwenye mchanga. Aseniki, sumu ya asili iliyokuwa imeshikamana na kutu ya chuma hicho, nayo inaachiwa. Umeondoa kiyeyushi, umeamsha aseniki ambayo hakuna mtu aliyeimwaga. Anayepenyeza permanganeti, kemikali inayovunja sumu kwa kuioksidisha, ana balaa la upande wa pili: inaweza kuirudisha kromiamu-3 iliyolala iwe kromiamu-6.

Mimi nachimba visima. Najua ardhi si ile inayochorwa kwenye ripoti. Mita tatu tu pembeni, tabaka limebadilika.

Mchangiaji, muuguzi

Ninyi mnazungumzia miongo. Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010, mamia ya watoto walikufa kwa sumu ya risasi, ile metali nzito, kwa sababu mawe ya dhahabu yaliyokuwa na risasi ndani yake yalisagwa majumbani na vumbi likajaa uani. Madaktari walikuwa na dawa ya kuitoa risasi mwilini, lakini kumtibu mtoto kisha kumrudisha kwenye vumbi lilelile ilikuwa kazi bure. Nyumba zilitakiwa kusafishwa kwanza. Na zilisafishwaje? Kwa koleo. Udongo wa juu uliondolewa, ukazikwa mbali, ukaletwa mwingine safi. Kama siku ile mngesubiri orodha ya mazao na maabara huru, mngewazika watoto wangapi zaidi?

Msiniambie kuhamisha sumu ni dhambi.

Mchangiaji mwingine

Naomba kuuliza tu. PFAS, hizi kemikali za viwandani zenye florini zinazoitwa kemikali za milele, huchujwa kwa mkaa maalumu na maji yanatoka safi. Mkaa ukishajaa unapelekwa wapi?

Mleta mada

Nianze na muuguzi, kwa kuwa hoja yake ndiyo nzito. Dada, kwa Zamfara nipo nawe kabisa. Pale njia ya sumu ilikuwa mkono na mdomo wa mtoto, na kitu cha kuikata njia hiyo kwa siku chache ni koleo. Ninachopinga ni kulihesabu koleo kama usafishaji pale ambapo hakuna mtoto anayeramba vumbi, muda upo, na lori linachaguliwa kwa sababu ni rahisi kulieleza mbele ya kamera. Halafu tukumbuke kwamba risasi ni elementi. Haivunjiki kwa bakteria wala kwa chuma. Unaweza kuifungia kwa fosfeti, ikawa madini yasiyoyeyuka kirahisi, na kazi hiyo imefanyika kwenye udongo wa makazi. Lakini fosfeti hiyohiyo hushindana na aseniki kwenye udongo, ikaisukuma itoke. Kwa elementi, basi, sharti langu linaongezeka swali: ni kitu gani kitakachoifungua tena? Mvua yenye asidi? Mbolea ya mkulima wa kesho?

Bangladesh inafundisha hapa. Kuanzia miaka ya 1970 visima vya bomba vilienezwa kule ili watu waache maji machafu ya juu yenye vimelea. Nia ilikuwa njema, na watoto wengi walinusurika na kuhara. Mwaka 1993 aseniki ikagundulika kwenye visima hivyo, na hatimaye mamilioni ya watu wakajulikana kuwa wanakunywa maji yaliyovuka mikrogramu 10 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Hakuna aliyeweza kuisafisha ardhi nzima ya delta. Mwanakemia Abul Hussam, mzaliwa wa huko, alibuni chujio la nyumbani lenye mchanganyiko wa chuma linaloinasa aseniki, na mwaka 2007 akapewa tuzo ya Grainger ya dola milioni moja. Naliheshimu sana chujio hilo kwa sababu swali la "imekwenda wapi" lina jibu: imenaswa kwenye chuma, ndani ya ndoo, mahali panapofikika na kupimika.

Anayeuliza kuhusu mkaa ameuliza swali lilelile kwa maneno machache kuliko yangu. Mkaa uliojaa PFAS ni sumu iliyohamishiwa kwenye mkaa. Ukizikwa, inaweza kuvuja siku za mbele. Ukichomwa kwa joto hafifu, sehemu yake hutoka na moshi. Kifungo cha kaboni na florini ni miongoni mwa vifungo imara kuliko vyote katika kemia ya kaboni. Zipo njia za kukivunja, mojawapo ni kuoksidisha ndani ya maji yaliyovuka nyuzi 374 na shinikizo la zaidi ya mara 200 ya lile la hewa, lakini mitambo hiyo ni ghali na inakula nishati. Anayeuza chujio la mkaa aseme pia mkaa wake utaishia wapi, tena kwa maandishi.

Ndugu mhandisi, yote uliyotaja ni kweli, na ndiyo yaliyonifanya niweke sharti. Aseniki iliyoamshwa na molasi ni zao. Iandikwe kwenye orodha, ipimwe, na kama mchanga wa mahali hapo unayo kwa wingi, kibali cha molasi kisitoke. Kwa nini basi ukatae kundi zima?

Mchangiaji, mhandisi wa visima

Kwa sababu ya mwaka wa 20, ndugu. Orodha yako nzuri itasomwa mwaka wa kwanza na wa pili. Hata ukuta wako wa chuma huziba: madini ya kaboneti hujijenga juu ya chembe, maji yanatafuta njia ya kuuzunguka, na visima vya kupimia ukutani kwenyewe vitaendelea kuonyesha maji safi. Wakati huo aliyepewa kibali ameshafunga ofisi.

Nikubali kwa hiyo, lakini nawe ongeza langu. Fedha za kupima kwa miaka 30 ziwekwe mahali ambapo anayepenyeza hawezi kuzigusa, kabla hajachimba kisima chake cha kwanza. Visima vya kupimia viwekwe pia pembeni mwa ukuta na chini yake, mahali maji yanapoweza kukwepa. Na chembechembe huru zibaki nje mpaka mtu aonyeshe anavyoweza kujua ziliko baada ya mwaka mmoja. Ukiyaweka hayo kwenye hoja yako, nitaiunga mkono. Ukiyaacha, kura yangu ni hapana.