Ukoo wa Mzee Hamadi: mashine ya Baba inalia

Salma (Columbus): Asalaam aleikum. Mashine ya Baba, ile pampu ya moyo, inalia mfululizo, alama ya moyo mwekundu imewaka. Niko kwenye simu na hospitali, wananitafutia mratibu wa pampu. Dua jamani.

Shangazi Mwanaidi: Yarabi! Mshike mkono, mapigo yapo?

Salma: Shangazi, tangu awekewe pampu mapigo hayashikiki, damu inakwenda mfululizo bila kudunda. Tunaangalia kama anajitambua na anapumua vizuri. Anajitambua, tena anagomba.

Idi: Zima uwashe, kama king'amuzi

Zuhura nesi: Idi!! Hiyo ndiyo inayomsukumia damu. Hata betri hubadilishwa moja moja, hazichomolewi zote mbili kwa pamoja. Salma, kioo kinasemaje?

Salma: Mtiririko mdogo. Maana yake damu inayopita iko chini ya lita 2.5 kwa dakika.

Zuhura nesi: Waya unaotoka tumboni haujajikunja?

Salma: Uko sawa. Betri nazo zimejaa. Zingekuwa zinaisha ingewaka alama ya betri: njano zikibaki chini ya dakika 15, nyekundu chini ya 5.

Zuhura nesi: Amekunywa maji leo?

Salma: Ndo kasema sasa hivi. Leo amefunga, zile sita za Shawali baada ya Ramadhani. Kimyakimya.

Ba' mdogo Hamisi: Na daktari alimkataza hata Ramadhani yenyewe!

Zuhura nesi: Mwili ukikaukiwa, damu inayoifikia pampu inapungua. Lakini msiishie hapo. Yuko kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, huenda anavuja damu ndani. Choo cheusi? Au moyo umebadili mwendo. Hayo ni ya hospitali.

Salma: Mratibu kasema nisimpeleke mwenyewe, niite ambulensi. Inakuja. Nimebeba begi la akiba, betri na kontrola ya pili, kile kidude kinachoendesha pampu.

Zuhura nesi: Waambie mlangoni kabisa kwamba ana pampu, wasishtuke wakikosa mapigo. Na namba ya mratibu wape.

Shangazi Mwanaidi: Silali mie.

Salma: Tumefika. Kawekewa dripu, kengele imenyamaza. Vipimo vya damu bado, atalala huku.

Mzee Hamadi: Zimebaki mbili tu kutimiza sita

Zuhura nesi: Mjomba, hizo ongea na daktari na sheikh wako. Leo fanya wanavyokwambia.

Shangazi Mwanaidi: Hamadi nakupigia video. Usijifanye umelala.