Majilio kwa mtu anayefika nyumbani saa tatu usiku

Msafiri_wa_Rongai:
Tumsifu Yesu Kristo. Majilio ya 2026, kipindi cha kujiandaa kwa Krismasi, yanaanza Jumapili, 29 Novemba. Mtu anayetoka Rongai, nje kidogo ya Nairobi, alfajiri na kurudi saa tatu usiku autayarishe moyo vipi, asianze kwa kishindo akaishia wiki ya pili? Na kufunga ni lazima?

Katekista_Eastlands:
Milele na milele, amina. Kufunga si lazima. Sisi Wakatoliki sheria inatudai Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Waorthodoksi ndio wenye mfungo wa siku 40 kabla ya Noeli. Wanaoishia njiani huwa wamegeuza Majilio kuwa Kwaresima ya pili: rozari nzima, sura tatu za Biblia, hakuna nyama, yote kwa mpigo. Chukua jambo moja la sala na moja la kuacha. Basi.

Mwaka huu zipo siku 26, na zina sehemu mbili. Hadi 16 Desemba masomo yanatazama zaidi kurudi kwa Bwana, na Yohane Mbatizaji anaita watu watubu. Kuanzia tarehe 17 ndipo yanageukia Bethlehemu. Kwa hiyo toba ni kazi ya mwanzo. Ungama kabla ya Jumapili ya tatu, tarehe 13. Ukingoja wiki ya Krismasi utakuta foleni imefika nje ya kanisa, na akili yako iko kwenye basi la kwenda ushago.

Kwenye matatu, soma Injili ya Jumapili inayokuja tu, hiyo hiyo wiki nzima. Ya kwanza ni Marko 13:33-37, bawabu anayekesha. Hesabu zamu zake: jioni, usiku wa manane, jogoo awikapo, asubuhi. Mtu wa Rongai anazijua zote nne!

Usiku, dakika kumi, simu ikiwa mbali: shukuru, omba mwanga, pitia siku tangu ulipoamka, omba msamaha, kusudia jambo moja la kesho. Panapoharibika ni pale pa kupitia siku. Unajikuta unamshtaki konda aliyepandisha nauli. Konda muache, tazama ulimjibu nini.

Mama_Jumuiya:
Kama kuna watoto, tengeneza shada la Majilio, duara la matawi lenye mishumaa minne, mmoja kwa kila Jumapili, ila kwa uangalifu. Matawi ya msaiprasi yakikauka hushika moto upesi, kwa hiyo yabadilishe kila wiki na uyapange juu ya sinia la chuma. Mishumaa isimame wima, imezidi matawi kwa urefu wa kiganja. Mitatu ni ya zambarau, mmoja wa waridi, na huo huwashwa kuanzia Jumapili ya tatu. Ukikosa rangi, nunua myeupe na ufunge utepe kwenye kitako, kamwe si karibu na utambi.

Wengi husahau kwamba mshumaa wa kwanza unawaka wiki zote nne. Uwe mrefu kuliko wenzake, na uzimwe sala ikiisha, la sivyo Jumapili ya nne itakuta kisiki. Na taa za krismasi zisubiri, jamani. Mkianza kusherehekea Novemba mtakuwa mnangoja nini?

Msafiri_wa_Rongai:
Asante mama, asante katekista. Kuanzia tarehe 17 niongeze nini?

Katekista_Eastlands:
Usiongeze, punguza. Shika antifona, yaani kiitikio kifupi, ya Masifu ya Jioni (sala ya Kanisa ya jioni), ile inayotangulia utenzi wa Bikira Maria, moja kila siku: 17 Ewe Hekima, 18 Ewe Adonai (yaani Bwana), 19 Ewe Shina la Yese, 20 Ewe Ufunguo wa Daudi, 21 Ewe Mapambazuko, 22 Ewe Mfalme wa Mataifa, 23 Ewe Emanueli. Irudie polepole, kisha nyamaza.

Hiyo ya tarehe 21 inaangukia siku ambazo Ulaya usiku ni mrefu kuliko mwaka mzima. Nairobi jua halituonyeshi tofauti hiyo, kwa hiyo zima taa kwanza, kaa gizani kidogo, ndipo uwashe mshumaa na kusoma Isaya 9:2.